Niliyomjibu Belyse kwa Jina Lako

Ndugu yangu Shabir,

Nakuandikia kutoka Mutaho, Jumamosi, saa tisa alasiri, na simu yako iko mezani mbele yangu. Ndiyo, hiyo hiyo yenye kioo kilichopasuka. Utataka kujua imefikaje kwangu wakati ilipaswa kubaki kwa mkeo. Nitaeleza. Najua ungeshacheka: "We mwalimu, mtu akikuomba chumvi unaanzia baharini!" Leo nivumilie.

Hii ni wiki ya saba. Duka lako la Gitega limefunguliwa. Mpwa wako amesogeza vitenge mbele na misumari nyuma, na wateja wakiingia wanatazama kwanza kiti chako, kisha ndipo wanasalimu. Zuhura yuko ndani, anakaa eda. Kwenye uwanja wetu hapa Mutaho, nyuma ya shule, mtu amepanda viazi vitamu golini, upande wa bondeni. Sijamkataza. Watoto hawajashika gongo la hoki tangu tukuzike.

Lakini ninalotaka kukuambia ni la Belyse, mjukuu wangu uliyemfundisha.

Jioni ya mazishi yako tulikaa barazani kwako, na Zuhura akauliza kutoka mlangoni nani atampa habari mtoto huko Amerika. Mimi ndiye niliyesema asipewe. Unajua sisi tuliokulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tulivyofanya: mtu akiwa kwenye mtihani, anafichwa msiba. Mama yangu alifariki nikiwa katikati ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Wakubwa wakanyamaza, wakanipikia uji kila asubuhi, wakaniambia mama amekwenda kutibiwa. Nilifaulu. Nikazeeka nikiamini walinitendea wema. Basi nikawaeleza wenzangu pale barazani kwamba msimu wa hoki chuoni kwake umeanza, kwamba ufadhili wake unategemea kucheza, kwamba tumwache amalize. Wakakubali, kwa sababu mimi ni mwalimu.

Zuhura akanikabidhi simu. "Shemeji, kila Jumapili anamwandikia mzee wake. Asipojibiwa atajua."

Nikaanza kumjibu kwa jina lako.

Ilikuwa rahisi mno, na hilo peke yake lingetosha kunitisha. Maneno yako nilikuwa nayo yote kichwani. "Mtoto, umekula?" "Magoti chini, macho juu." Alipotaka kusikia sauti yako niliandika kwamba koo linakuuma. Akajibu: "Pole mzee, chemsha tangawizi." Nikaenda jikoni nikaichemsha kweli, nikainywa, kana kwamba nikiinywa uongo utapungua.

Unakumbuka siku ulipomwona Belyse mara ya kwanza, kule Gashoho? Ulikuwa unatoka Muyinga kupokea mzigo, ukasimama sokoni kwa binti yangu, mama yake, kununua maharage. Mjukuu wangu alikuwa akipiga parachichi bichi kwa mpini wa jembe, analipitisha katikati ya miguu ya watu bila kumgusa hata mmoja. Ulinipigia simu hapo hapo. "We mwalimu! Mtoto huyu iko na jicho. Mi namtaka, umlete Mutaho!" Nikamleta, akakaa kwangu. Ukamchongea gongo la mkaratusi, kama marehemu baba yako alivyokuchongea wewe.

Na ukamfundisha kazi ambayo watoto wengine waliikimbia. Kwenye kona ya adhabu, walinzi wanangoja kwenye mstari wa goli, na mmoja wao, anayeitwa wa kwanza, lazima atoke mbio kumwendea mpigaji, aweke mwili wake kati ya mpira na goli. Mpira wenyewe mgumu kama jiwe la mtoni. Wewe ulikuwa ukisema neno moja tu: "Wa kwanza hageuzi uso." Nami nilikaa kando ya uwanja nikiona fahari. Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka chuoni. Huko wana uwanja wa majani ya plastiki na vinyago vya uso, ila kinyago, kama alivyotuonyesha kwenye picha, hakifiki masikioni.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika aliandika hivi: "Mzee, mpira umenipiga juu ya sikio mazoezini. Nikaanguka kidogo. Daktari wa timu simwambii, atanikalisha benchi. Sasa naona mipira kama iko miwili. Nifanye nini? Usimwambie babu, ataanza kueleza."

Nilicheka, Shabir. Nilicheka kwa hilo la mwisho. Kisha nikaandika: "Wa kwanza hageuzi uso. Vumilia." Nikatuma.

Tangu hapo najiuliza kama wewe ungesema hivyo. Nadhani ungempigia na kumfokea mpaka aende hospitali. Lakini mimi nilikuwa na maneno yako ya uwanjani tu, mengine sikuwa nayo. Hukuwahi kunifundisha ulivyosema ukiogopa.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo. Akaniuliza kama mvua imefika kwao Muyinga. Nikamjibu. Baada ya saa moja akaniuliza tena, kwa maneno yale yale. Akaandika kwamba taa za darasani zinamchoma. Sentensi zake, ambazo mimi mwenyewe nilimnyooshea tangu utotoni, zikaanza kukatika. Jumapili moja aliniuliza jina la mama yake mdogo, aliyelala naye kitanda kimoja hapa kwangu miaka minne.

Nilipanda baiskeli ya abiria hadi Itaba, kwa muuguzi aliyekuwa mwanafunzi wangu. Nikamsimulia kama habari ya mtu mwingine. Hakunitazama. Alisema ubongo uliotikiswa hupona ukipumzishwa, lakini ukipigwa mara ya pili kabla haujapona, unaweza kuvimba, na mtu huyo huyo aliyekuwa anakimbia asiinuke tena. Halafu akauliza: "Mwalimu, ni nani huyo?"

Nikarudi nikamwandikia kwa jina lako: acha kucheza, nenda kwa daktari leo. Jibu lake lilikuja upesi kuliko yote. "Mzee hawezi kuniambia niache. We ni nani? Nani ana simu hii?"

Basi nikampigia. Nikasema ni babu. Nikasema umefariki, nikasema siku, nikasema ni mimi niliyeandika yote, pamoja na lile "vumilia". Nikaanza kumweleza habari ya ubongo. Akanikatiza kwa upole ulionitisha kuliko kelele. "Sawa, babu. Basi Jumamosi nacheza kwa ajili yake." Akakata.

Unaona nilichofanya? Kwanza nilimpeleka mbele kwa sauti yako. Sasa kifo chako ndicho kinachompeleka.

Jumamosi ndiyo leo. Mechi yao itaanza saa moja jioni kwa saa zetu. Jana nilitafuta fomu za chuo nilizosaini kama mlezi wake, nikapata anwani ya daktari wa timu, nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha kambini, kila kitu: siku aliyopigwa, mipira miwili, taa, mama mdogo. Daktari amejibu. Atampima saa kumi kamili ya kwetu, kabla ya mechi. Belyse anajua ni mimi. Mimi hanijibu tena.

Lakini dakika chache zilizopita simu yako ililia. Anajua umelala kaburini, anajua simu iko mikononi mwangu, na bado amekuandikia wewe: "Mzee, babu amenisaliti. Watanipima. Maswali yao nayajua, nitajibu vizuri. Usiku nitakuambia matokeo."

Nimeusoma ujumbe huo nimesimama. Ni wako, haukuwa wangu kuusoma. Kisha nimeutafsiri, neno kwa neno, nikamtumia daktari. Nikaongeza sentensi moja ya kwangu: anawadanganya, msimruhusu. Sijui kama atausoma kabla ya saa kumi. Naandika nikitazama kioo hiki kilichopasuka, na hakuna kilichobadilika.

Akikalishwa leo, huenda ufadhili ukapotea, na mimi nikampoteza pia. Nimekubali. Anichukie akiwa na akili zake, akikumbuka vizuri sababu. Na asipokalishwa... hapo sina maneno, mimi ambaye ulizoea kunilalamikia kwamba ninayo mengi.

Kwaheri, ndugu yangu. Sitalitumia tena jina lako, hata kwa jambo jema. Kesho asubuhi nashuka Gitega kumrudishia Zuhura simu, na chochote kitakachokuwa kimetokea nitamwambia mwenyewe, siku hiyo hiyo, pale pale barazani. Na mtoto akirudi, nakuahidi nitamleta mpaka kaburini kwako. Nitamwonyesha mahali, kisha nitaondoka, nimwache akulilie bila mimi kueleza chochote.

Imebaki robo saa kufika saa kumi.

Rafiki yako,
Mwalimu