Kitambaa Chako Juu ya Amplifaya

Mpendwa mke wangu,

Nimenunua amplifaya nyingine. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu, nikijua vizuri kwamba hakuna wa kukuambia. Tangu tukuzike Kakuma, kila jambo la nyumba hii ya Lodwar ninaliamua peke yangu, hata kiasi cha chumvi. Hili lilinichukua miezi.

Unakumbuka tulivyoipata ile ya kwanza? Injinia wa maji alikuwa amemaliza mkataba anarudi kwao, akatuuzia stirio yake nzima: mashine ya santuri, spika mbili, na amplifaya mbili. Uliuliza kwa nini mbili. Nikaanza kukueleza kwa sauti yangu ya ofisini kwamba ile ndogo hupokea sauti hafifu kutoka kwenye sindano na kuipanga, ikaongeza besi au kuipunguza, na ile kubwa huichukua sauti iliyopangwa na kuisukuma hadi kwenye spika. Ukanikatiza.

"Basi huyu ni Karani na huyu ni Hamali."

Hawakupata jina lingine tena. Ijumaa ukishuka kwenye lori la misheni kutoka zahanati yako ya Kakuma, vumbi hadi kwenye kope, ulikuwa ukinisalimu "Ejok, Bwana Maji," kisha unauliza hali ya Karani na Hamali kabla hujauliza yangu.

Vumbi ndilo lililokufanya ufume kile kitambaa. Ulipima kwa viganja: viganja vitatu upana, na kitu kidogo. Tulikuwa tumempandisha Karani juu ya Hamali kwa sababu meza ni ndogo, na kitambaa kikawafunika wote wawili kama kofia, nyuzi nyeupe, pindo la buluu. Wiki nzima walilala chini yake. Jumamosi saa kumi, injini ya pampu inapoanza kunguruma mtoni na nyumba zetu za idara ya maji kupata umeme, ulikuwa unakiondoa, unakikunja mara nne, unakipakata. Mimi nabonyeza swichi. Santuri ikiisha, unakifunika tena. Sikuwahi kukigusa. Ile ilikuwa kazi yako, kama kuwasha ilivyokuwa yangu.

Sasa nikuungamie.

Baada ya mazishi sikupiga santuri kwa muda mrefu. Halafu Jumamosi moja injini ikaanza, nikajikuta nimesimama mbele ya meza. Nilishika pindo la kitambaa. Mkunjo wa mwisho ulioukunja ulikuwa bado unaonekana katikati, na nilijua nikikiinua sitajua kukirudisha kama ulivyokiweka. Nikakiacha. Nikabonyeza swichi hivyo hivyo. Jumamosi iliyofuata vile vile, na nyingine, na nyingine. Matundu ya hewa yako juu, nayo yalikuwa yamezibwa, na joto la Lodwar unalijua. Mtu anayetunza mashine za serikali, anayewakemea vijana wasiofungua madirisha ya chumba cha pampu, ndiye aliyefanya hivyo nyumbani kwake.

Siku moja harufu ikaja, sauti ya kushoto ikafa, kisha ya kulia.

Niliwapandisha wote wawili kwenye lori, nikaja nao Kakuma kwa fundi wa redio za misheni, yule mrefu uliyekuwa ukimpa dawa ya macho. Nilipitia kwako kwanza. Nilisafisha mawe ya kaburi lako. Sikukuambia nilichobeba.

Fundi alifungua, akatazama, akafunika. Akasema Hamali amekwisha, na joto lake limepanda hadi kwa Karani.

"Hii haikuungua, bwana. Hii imepikwa."

Nilimjibu kwamba ni jua la Lodwar. Alichukua koleo ndogo, akachomoa kitu kwenye tundu la hewa, akakiweka juu ya kiganja changu. Vinyuzi vyeupe.

"Jua la Lodwar halifumi," akasema, na hakuniuliza zaidi. Alinieleza tu nikanunue ya namna gani: Hamali mzito, mwenye transfoma kubwa, kwa kuwa umeme wa injini hupanda na kushuka, na mwenye mapezi ya chuma ubavuni ya kutolea joto nje. Karani awe anayelingana naye, asije akamtwika mwenzake zaidi ya anachoweza kubeba. Na wasilale tena mmoja juu ya mwingine.

Jioni ile nilikula kwa mama yako. Alitaka kujua kwa nini sili, nikamwambia ukweli kwa sababu uongo mmoja kwa siku ulikuwa umenitosha. Alicheka, mke wangu. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Kitambaa ni ya kufunika kitu imelala," akaniambia. "Kitu imeamka, unafunika ya nini?"

Kisha akaacha kucheka, akanisogezea maziwa, nikayanywa mpaka yakaisha.

Nikashuka Kenya, kama mlivyozoea kusema ninyi watu wa Turkana mtu akienda kusini, mpaka Kitale. Nilikaa siku mbili barabarani kwa sababu ya mto uliojaa. Ndani ya mkoba nilikuwa na shati moja, mkate, na kitambaa chako. Upande mmoja sasa kina doa la manjano, kama alama ya pasi.

Mzee mwenye duka la redio alinionyesha alizokuwa nazo. Ya kwanza ilikuwa yote katika sanduku moja, Karani na Hamali ngozi moja. Nilikataa hata kabla hajaiwasha. Aliuliza sababu, nikasema hawa wawili wamezoea kuwa wawili. Akaleta jozi nyembamba, nyeusi, nzuri sana. Nikatoa kitambaa mkobani nikakitandaza juu yake.

Kilitosha. Kilitosha kabisa, mke wangu, pindo la buluu likashuka pembeni kama kwa wale wa kwanza.

"Wateja wangu huuliza wati," mzee akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuja na nguo ya kuwavisha."

Tulicheka wote. Akaniletea jozi ya pili. Hamali wa jozi hiyo alihitaji watu wawili kumwinua, mapezi yamemtoka ubavuni kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Kitambaa chako kilimfikia nusu. Mzee aliweka santuri ya kwaya, akaipiga kwanza kwa wale wembamba, kisha kwa hawa wanene. Kwa wembamba niliisikia kwaya. Kwa wanene nilisikia watu wakivuta pumzi kabla ya kuimba.

Hata hivyo mkono wangu ulikuwa bado juu ya wale wembamba. Nilimwomba mzee anipe muda, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya duka. Kama ungekuwepo ungechagua kabla chai haijapoa. Mimi nilikaa mpaka mzee akataka kufunga kwa ajili ya chakula cha mchana. Sikuwa nikifikiria wati wala besi. Nilikuwa najiuliza nikiwapeleka nyumbani hao wembamba, kitambaa kikiwakaa vile, ni Jumamosi ya ngapi nitakapokiondoa. Jibu nililijua. Ningewafunika, ningewasha, ningewapika na wao, na ningekwenda tena Kakuma kumwambia fundi habari za jua.

Nikachukua wanene.

Wapo hapa sasa. Niliomba mbao za kreti ofisini nikairefusha meza, na wanakaa ubavu kwa ubavu. Hamali hana kifuniko. Ninampangusa mwenyewe, na vumbi linarudi kabla sijakung'uta kitambaa cha kupangusia. Karani ndiye anayevaa kitambaa chako. Kimemzidi kidogo, kama kanzu ya kuazima. Ungecheka.

Jana ilikuwa Jumamosi. Saa kumi injini ikaanza. Nilishika pindo la buluu kwa vidole viwili, nikakiinua, na hapakutokea neno. Nilikikunja mara nne. Mkunjo wa kwanza haukunyooka, nikarudia. Kisha nikasimama nacho, kwa sababu siwezi kukipakata na kuweka sindano kwa wakati mmoja. Sikuwahi kulifikiria hilo tulipokuwa wawili. Nikakiweka kwenye kiti chako.

Nilipiga ile santuri uliyokuwa ukiifuata kwa mguu, upande mmoja mzima. Kuna mtu anakohoa kidogo kabla ya ubeti wa tatu. Miaka yote ile hatukumsikia. Niligeuka nikuulize kama umesikia.

Ikafika mwisho, ikawa inazunguka tu, sindano inakwaruza. Nikangoja ufunike. Nilingoja muda mrefu kidogo. Kisha nikainuka, nikazima, nikachukua kitambaa kitini, nikafunika mwenyewe.

Hakikukaa kama ulivyokuwa ukikiweka, lakini kimekaa.

Lala salama huko Kakuma. Mvua zikipita na barabara ikifunguka nitakuja kusafisha mawe.

Mimi mumeo,
Bwana Maji