Fyuzi Nimeificha Mimi

Bi Twaiba mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaivuruga nyumba yangu, maana jambo lenyewe nimelifanya mimi na silijutii vya kutosha, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Mume wangu, Alfani, alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, na walipobomoa baa ya zamani wakamwachia achukue risiva, redio kubwa ya stirio ya Kijapani, ya miaka ya sabini, uso wa rangi ya fedha, ubavu wa mbao, nzito hata ukiibeba unasema bismillahi mara mbili. Ilikuwa bubu. Akaiweka sebuleni akaifunika kitambaa mwaka mzima, na mimi kila nikipangusa vumbi naitamani, kwa sababu marehemu baba yangu, mzee Boga wa Kikoneni, alikuwa fundi redio na aliniketisha mezani pake nikajua kupiga lehemu kabla sijajua kusonga sima. Basi siku moja Alfani amekwenda mazikoni Majoreni nikaifungua, nikasafisha kutu ya hewa ya chumvi, nikabadilisha kapasita sita zilizovimba, nikafuata waya mmoja mmoja, na alasiri ikawaka. Bi Twaiba, ungeiona. Kioo kikajaa mwanga wa samawati, mishale miwili ikawa inacheza kwa kufuata sauti, na gurudumu la kutafutia stesheni ukilisukuma kidogo linateleza lenyewe kwa uzito wake, halikwami wala halina haraka. Sauti yake nayo si kama ya hizi spika za siku hizi zinazokupigia kelele usoni; unamsikia mwimbaji wa taarabu akivuta pumzi kabla hajaanza. Nililia. Kazi ile nilijivunia na bado najivunia.

Alfani aliporudi alinishika mikono akaniita fundi. Lakini wenzake wa barazani walipouliza nani kaitengeneza, nikamsikia kupitia dirishani akisema, "Nimehangaika nayo mwenyewe, alhamdulillahi." Nikacheka tu, nikawapelekea kahawa. Ikawa ndivyo hivyo, watu wanatoka hata Bodo kuja kuisikiliza, wakiondoka wanasema, "Alfani, una mikono," na mimi niko ndani nasikia sifa zangu zikienda kwa mwengine.

Sasa Mwalimu Harrison wa chuo cha ufundi amemwomba mwisho wa mwezi awafungulie wanafunzi mashine hiyo awaeleze alivyoitengeneza, na mume wangu kakubali, kisha akaja jikoni akaniambia kwa upole, "Mama Issa, nifundishe kidogo kidogo la kusema." Nikamjibu, "Haya, baba Issa." Alipokwenda kuswali nikachomoa fyuzi nikaitia ndani ya kopo la iliki. Leo siku ya nne mashine imenyamaza, yeye anaizunguka na bisibisi hajui aanzie wapi, chakula hali vizuri, na kila nikimwonea huruma nalikumbuka lile neno "mwenyewe". Nampenda. Je, niirudishe fyuzi ninyamaze, au nimwache aaibike mbele ya wanafunzi?

Subira, Msambweni

Marahaba, Subira.

Kwanza pokea sifa zako, maana naona hakuna aliyekupa mbele za watu. Kuifufua mashine ya umri huo si mchezo, na baba yako alifundisha akafundisha. Jivunie, usimwombe mtu radhi kwa hilo.

Sasa nikukaripie. Siku ile ya kwanza ulicheka ukapeleka kahawa, na kwa kicheko kile Alfani akaona uongo wake umepata ruhusa. Na hiyo fyuzi ni aibu kwa fundi kama wewe. Tena umemwacha mtu asiyejua lolote anazunguka na bisibisi kwenye mashine ya stima, nawe wajua kapasita huweka umeme hata waya ukishachomolewa ukutani. Ulitaka ukae eda kwa ajili ya fyuzi?

Irudishe leo, mbele yake, akiona. Usimdanganye kwamba iliungua. Mwambie uliitoa wewe na kwa nini, na kwamba maneno ya kwenda kuwaambia wanafunzi humfundishi. Usipaze sauti wala usiwaite majirani. Kisha mwache aone haya kidogo, amejitakia.

Na yeye nina neno naye, msomee. Alfani, redio nzuri wanazo wengi. Mke anayeweza kuifufua iliyokufa unaye wewe, na ukamficha ndani ili usifiwe kwa kazi usiyoiweza. Mpigie simu Mwalimu Harrison wewe mwenyewe, kabla ya Ijumaa, umweleze fundi ni nani. Kazi hiyo usimsukumie Subira.

Siku ikifika nendeni pamoja. Alfani aibebe na aeleze alivyoipata, hadithi hiyo ni yake kweli na aisimulie kwa raha zake. Wewe ufungue kifuniko. Wanafunzi watamgeukia yeye kwa mazoea kumuuliza maswali. Asijibu, na wewe usimtazame usoni kutafuta idhini. Shika chuma chako cha lehemu, wasalimie, uanze hivi: "Naitwa Subira binti Boga. Mashine hii nimeitengeneza mimi."