Nimeshika

Woolwich, London
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Jedidah,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limekubali tena kupanda ngazi za shule. Mimi sijambo, ukiacha tumbo, ambalo siku hizi hunitangulia kila mlango ninaoingia. Najua utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Simu ndiyo iliyotuponza. Barua hii anakuletea Zein, mfamasia wa Mombasa tunayefanya naye kazi, ambaye anasafiri kesho kupitia Nairobi. Isome yote kabla ya kuanza kunipigia kelele.

Nianze na Mama. Nilimpigia Jumapili iliyopita, sauti yake ikiwa na nguvu, na katikati ya maongezi nikamsikia akimwita msichana jikoni aepue sufuria, maharagwe yasiungue. Nilifurahi, dada. Tangu alipozirai bafuni mwezi wa pili, na daktari wa Wundanyi akatuonya kwamba asilale peke yake hata siku moja, sauti ya sufuria hiyo ndiyo imekuwa ikinipa usingizi. Nilijiambia, Jedidah amefanya kazi. Likumbuke hilo la sufuria.

Sasa jingine. Jana nilipanda ndege ya vita.

Cheka umalize. Muuguzi mwenzangu Harjit, ambaye hajui kuongea dakika tano bila kutaja ndege za Vita vya Pili, alishinda bahati nasibu ya hospitali, zawadi ikiwa nusu saa angani ndani ya Spitfire. Lakini Harjit ana kifaa kifuani cha kuuongoza moyo, na daktari wake akakataa katakata. Akanipa mimi, kwa sharti kwamba nimletee kila kitu, mlio, harufu na mtetemo. Nilimwambia kwamba hata lifti huipanda nikiomba. Akanijibu kwamba vijana waliokuwa wakizirusha walikuwa na miaka kumi na tisa na wanapigwa risasi, sembuse mzee kama mimi ambaye kazi yangu ni kukaa tu.

Basi kila chakula cha mchana akanifundisha, uma ukiwa Spitfire na viazi vikiwa maadui. Spitfire, alisema, ilipewa mabawa membamba ya umbo la yai, ikate kona kwa ukali na kupanda haraka, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupambana na ndege za kivita zilizowasindikiza washambuliaji wa Kijerumani. Washambuliaji wenyewe mara nyingi waliachiwa ndege iitwayo Hurricane, ambayo mgongo wake ulivikwa kitambaa. Risasi iliingia huku ikatokea kule, fundi akabandika kiraka, kesho ikarudi kazini. Mjerumani naye alikuwa na Messerschmitt nzuri sana, ila akifika London mafuta yalimtosha kupigana dakika chache tu. Kulikuwa na moja iliyoitwa Mbu, ya mbao kama kabati, iliyobeba mabomu bila bunduki hata moja. Ulinzi wake ulikuwa mbio. Na kulikuwa na Lancaster, jitu la injini nne lililotoka usiku na mizigo mizito. Hapo Harjit akalitazama tumbo langu, akasema Lancaster ni mimi. Nikamwambia basi dada yangu ni Spitfire: mrembo, mwepesi, lakini mafuta hayamfikishi Wundanyi. Nisamehe. Wakati huo ulikuwa utani.

Kiwanja chenyewe ni cha zamani, kusini mwa mji. Rubani alikuwa Bridget, mama mfupi mwenye nywele nyeupe, aliyenifunga mikanda kama anayefunga godoro juu ya basi. Alinieleza kwamba wakati wa vita wanawake ndio waliotoa nyingi za ndege hizi viwandani na kuzipeleka kwa wapiganaji, peke yao. Alieleza pia kwamba tangi la mafuta liko mbele ya rubani, kati yake na injini, yaani likipigwa yeye ndiye wa kwanza kujua. Kisha akasema akinipigia kelele niruke, niruke, nisiulize swali. Baada ya hapo alieleza mengine, hata namna ya kupokezana usukani, lakini masikio yangu yalikuwa yamebaki kwenye kuruka.

Tulipaa. Yeye alikaa mbele, mimi nyuma, kwenye kiti walichokuja kukiongeza. Injini ya silinda kumi na mbili inakunguruma mpaka meno yanagongana. Niliiona Thames imejikunja kama mshipi, na jasho likanitiririka mgongoni. Bridget alianza kunieleza kwa vipokea sauti namna ya kuishika fimbo ya kuongozea, taratibu, kwa vidole tu. Nikataka kumwambia nimeelewa. Kichwani likaja neno letu, nimeshika, nikalitafsiri, nikalitoa. Kumbe kwa Kiingereza chao nako neno hilo lina maana mbili. Mimi nilisema nimeelewa. Yeye akasikia nimeikamata ndege.

Akaiachia. Ili kunionyesha, akainua mikono yote miwili juu ya mabega. Mimi nilidhani furaha imempanda, kama akina mama wa kwetu wimbo unapokolea. Sikutaka kuonekana mtu baridi. Nikainua yangu pia.

Jedidah, tulikaa hivyo, watu wazima wawili, mikono juu, ndani ya ndege ya vita, na hakuna aliyeishika. Kilichonitisha baadaye ni kwamba ilienda vizuri. Ilinyooka kabisa, hata Bridget akanisifu kwamba kwa mgeni naiongoza kwa utulivu. Ndipo bawa la kushoto likaanza kushuka, polepole, mpaka mashamba yakanijia kwenye kioo. Nikamwuliza, kwa sauti nisiyoijua, kama kugeuka huku ni sehemu ya zawadi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mwingine, kwamba sasa anayo yeye, na ndege ikapandishwa kwa nguvu iliyonibana tumbo mpaka kwenye kiti.

Alipotulia akanieleza kwamba ndege iliyorekebishwa vizuri inaweza kujiendesha kwa muda, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayeiongoza. Hapo hapo nikasikia sauti yako. Mwezi ule wa pili nilikueleza kwenye simu mambo ya kutafuta msichana wa kulala na Mama, nikazungushazungusha kama kawaida yangu, na mwishoni ukasema, "Nimeshika, kaka."

Tulipotua sikungoja hata kuvua mavazi ya urubani niliyovishwa. Nilimpigia Mwanamwema, yule wa duka lililo mkabala na Mama. Alikataa kwanza kusema, kwa kuwa Mama alimwapisha. Hakuna msichana, dada. Hajawahi kuwapo. Tukipiga simu, Mama huita jikoni kusiko na mtu. Mimi huniambia msichana wa Jedidah ni mchapakazi. Nadhani wewe huambiwa msichana wa Linus. Akilala, huegemeza kiti mlangoni. Alhamisi alianguka tena, akakaa sakafuni hadi asubuhi, mpaka Mwanamwema alipoona maziwa yake hayajachukuliwa. Amechubuka nyonga, hajavunjika. Anasema hakutaka kutusumbua.

Sikulaumu. Mimi pia niliinua mikono.

Mwanamwema atalala naye mpaka ufike. Panda treni ya Voi kesho yake ukishaipata hii, shule itajijua. Mimi nimeomba ruhusa kazini na nitafika mwisho wa mwezi, na safari hii siji kutembea, naja kukaa. Hilo hata Harjit sijamwambia. Bridget anasema anayekabidhi hulitamka, anayepokea hulirudia, na hakuna kuachia kabla ya kusikia. Basi natamka: ukishuka Voi, Mama unaye wewe, nikitua, ninaye mimi. Nipigie ulirudie lote. Ukithubutu kuniambia nimeshika, nitakata simu.

Jana jioni nilimpigia Mama mwenyewe. Sikumwambia kitu. Katikati ya maongezi akaita jikoni, kama kawaida yake, sufuria iepuliwe. Safari hii sauti ya Mwanamwema ikaitika kwamba imeshaepuliwa, na je, amletee chakula huko huko? Nikamsikia Mama akigeuka kitini. Kisha akasema ndiyo, mwanangu, lete.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na usimgombeze Mama.

Ni mimi kaka yako, Lancaster la Woolwich,
Linus