Bandi za Bibi Sindano

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili baada ya ibada,
tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Nakusalimu kwa salamu ndefu kuliko utepe wa kupimia. Hujambo? Na goti lako la kushoto je? Leo nimeliombea kanisani kwa kulitaja, nikasema la kushoto, Baba, maana la kulia ni zima. Shemeji naye bado anakoroma mpaka majirani wanajua ni saa ngapi? Mpe pole yangu, na wewe mwenyewe jipe.

Sisi huku wazima kabisa. Mafua yalipita nyumba nzima yakamruka paka tu. Sasa anatembea kifua mbele kana kwamba ni kwa akili zake.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaitia ndani ya Biblia ipoe, maana ilikuwa ya moto. Umeniuliza maswali matatu: je, ni kweli nimefunga duka la ushonaji? Ni kweli watu wa kompyuta wameniajiri na miaka yangu hamsini na miwili? Na cherehani ya mama nimemuuzia nani? Yote nitayajibu, ila kwa mpangilio wangu. Weka chai karibu.

Duka, ndiyo, nimelifunga. Watu siku hizi wananunua nguo zilizokwisha shonwa, wananiletea nipunguze urefu tu. Mwaka mzima nilikuwa nakata miguu ya suruali ambazo sikuzishona. Nikamwambia Mungu, kama mikono hii umenipa kwa ajili ya mapindo tu, nashukuru, lakini naomba nithibitishie. Wiki ya pili yake akaingia dukani mwanamke mmoja, rika la binti yako wa kwanza, amevaa kandambili na miwani imemkaa utosini. Alikuwa anatafuta fundi cherehani wa kweli. Studio yake inatengeneza katuni ya watoto juu ya bibi mmoja mshonaji, anaitwa Bibi Sindano, na vijana wake wamemchora ameshika mkasi kama mtu anayekata kitunguu. Niende siku moja tu, wanitazame mikono.

Nilikwenda siku moja. Leo ni mwezi wa tano.

Najua unawaza chumba cha giza na mawaya kama matumbo ya mbuzi. Sivyo. Ni sebule kubwa ya ghorofani yenye madirisha manne, meza tisa, na mimea miwili mikubwa. Mmoja ni wa plastiki, na bado kuna mtu anaumwagilia maji. Hatujamjua ni nani. Yule mwenye kandambili ndiye bosi, na jina ndilo hilohilo, Kandambili, hata mlinzi wa chini anamwita hivyo. Mimi wananiita Mama Mkasi.

Kazi yangu ni kuwavisha watu wa katuni. Nachagua kitambaa, nakata ruwaza kwenye karatasi kama tulivyofundishwa na mama, kisha naichora kwa kalamu isiyo na wino juu ya kibao cheusi, na mstari unatokea kwenye kioo cha kompyuta. Siku ya kwanza nililamba ncha ya kalamu, mazoea ya uzi. Walicheka mpaka mmoja akateremka kwenye kiti.

Lakini dada, kuna jambo limenipata huko, na chanzo chake ni wewe. Usikunje uso. Soma.

Wana desturi moja. Kila siku saa tatu asubuhi wote tunasimama kuuzunguka ule mmea wa plastiki, na kila mtu anasema mambo matatu: jana nilifanya nini, leo nafanya nini, na kitu gani kimenikwama. Tunasimama ili asitokee mtu wa kurefusha. Ni kama ushuhuda kanisani, ila hapa hakuna anayelia. Mimi sikuzote nilikuwa nasema, kilichokwama hakuna, namshukuru Mungu, na wao wanaitikia, amina, hata wale wasiosali.

Sasa kuna fundi mmoja tunamwita Sisimizi. Mwembamba, hatulii, baba wa mapacha. Yeye ndiye anayemfanya Bibi Sindano atembee. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mtu wa katuni hachorwi upya kila akiinua mkono. Wanamchora vipandevipande, mkono mbali, kiganja mbali, shingo mbali, halafu wanaviunganisha kwa vistari vyembamba vya rangi ya chungwa. Sisimizi akivuta kistari, mkono unainuka. Mtazamaji havioni. Kazi hiyo ilimchukua miezi, na Bibi Sindano alikuwa kwake mtoto wa tatu.

Baadaye, nimesema. Jumanne jambo hilo liliponipata nilikuwa sijui. Sisimizi alikuwa amekwenda kung'oa jino, nami nimeambiwa nimalizie pindo la gauni la Bibi. Nikafungua. Ninaona nini? Mwili mzima, kuanzia shingoni hadi miguuni, umejaa vistari vya chungwa, virefuvirefu, vimepishana kidogo. Dada, zilikuwa bandi! Ule mshono wetu wa muda wa kushikiza nguo, unaotolewa kabla mwenyewe hajaivaa.

Unakumbuka suruali ya yule bwana harusi? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliiacha na bandi nyeupe paja zima, akaenda nayo mpaka madhabahuni, na wewe ukanichapa vidole kwa utepe wa kupimia, ukasema, "Nguo haitoki mkononi mwetu na bandi! Utatuaibisha mpaka kaburini!" Maneno hayo nimelala nayo miaka thelathini na minane. Nikasema moyoni, hawa watoto wamesahau kutoa bandi, na wageni wa kituo cha televisheni wanakuja Ijumaa. Nikagusa kimoja, nikabonyeza kitufe cha kufuta, kikatoka. Nikatoa cha pili. Nilikaa mchana mzima natoa taratibu nisiharibu kitambaa, huku naimba pambio. Nikahifadhi kama nilivyofundishwa. Nikaenda nyumbani nimeridhika kama mtu aliyefua shuka zote.

Jumatano asubuhi, baada ya kusimama pale kwenye mmea, wakamwasha Bibi Sindano kwenye kioo kikubwa. Anatakiwa ainue mkono asalimie watoto. Mwili ukainuka, mkono ukabaki mezani umeshika mkasi. Akageuka ili atabasamu. Kichwa kikageuka, kikaendelea kugeuka, kikang'oka, kikapaa mpaka juu kama puto, kinatabasamu vilevile.

Watu walicheka. Halafu hakuna aliyecheka.

"Vistari vya chungwa viko wapi?" Kandambili akauliza.

Sisimizi alisogea akatazama. Shavu limemvimba, pamba mdomoni, macho mekundu. "Nitakuwa nimevifuta mimi," akasema. "Jana asubuhi jino lilikuwa linanitoa roho, sikumbuki hata nilibonyeza nini."

Kandambili si mtu wa kufoka. Afadhali angefoka. Alisema polepole kwamba hii ni mara ya tatu mwezi huu Sisimizi anafuta kazi iliyokwisha fanywa, na kwamba akishamsimamisha Bibi kwa ajili ya Ijumaa, Bibi atapewa mtu mwingine. Sisimizi akaitikia kwa kichwa. Akaenda kukaa.

Nami nilikuwa nimekwisha jua, dada. Tangu mkono ulipobaki mezani nilijua. Nikajiambia, ukisema tu, unarudi kwenye mapindo ya suruali. Mama mtu mzima, kalamu umeishika juzi, umevunja kazi ya miezi, nani atakubakiza? Kandambili akatuzungukia tena mmoja mmoja, kuna kingine kimekwama? Ikafika kwangu. Nikasema, "Hakuna, namshukuru Mungu." Wakaitikia amina. Nilitaja jina la Mungu kuufunika uongo wangu, na mwenzangu amekaa kule na pamba mdomoni anabeba mzigo wangu.

Chakula cha mchana kilikuwa kama sufi. Alasiri nikaitwa na fundi wa sauti, tunamwita Baba Sauti, mzee mwenzangu kidogo, anayekusanya sauti za vitu. Alitaka sauti ya mkasi wangu ukikata kitambaa kizito cha pamba. Nikakata. Akavua vile vidubwasha vya masikioni, akanitazama.

"Mama Mkasi, siku zote mkasi wako unakata moja kwa moja. Leo unaomba ruhusa."

"Ni uzee, baba."

"Uzee nao nimewahi kuurekodi," akasema. "Hausikiki hivyo."

Niliporudi nyumbani nilipiga magoti. Sikumuuliza Mungu nifanye nini, hilo nililijua. Niliomba sauti tu, isinikimbie.

Alhamisi saa tatu, mmea wa plastiki. Kila mtu akasema yake. Ikafika zamu yangu. Wakawa wamejiandaa kusema amina.

"Leo kuna kilichokwama," nikasema. "Kimenikwama kooni tangu jana. Vile vistari vya chungwa nilivitoa mimi. Nilidhani ni bandi."

Ikabidi niwaeleze bandi ni nini, na bwana harusi, na wewe, na utepe, na vidole vyangu. Nilikuwa nalia na siwezi kunyamaza.

"Mama Mkasi," Kandambili akasema, "ulitoa vingapi?"

"Vyote, mwanangu. Kazi nusu siipendi."

Kandambili akakaa chini. Katika mkutano ule hajawahi kukaa mtu, dada. Akakaa sakafuni, miwani ikamwanguka kutoka utosini, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Na wengine wakaanguka kama nguo zilizotoka kwenye kamba. Sisimizi peke yake hakucheka. Alinijia mpaka mbele yangu, nikasema moyoni, leo natukanwa na baba wa mapacha, na ni haki yangu.

"Kwa hiyo siyo mimi," akasema. "Mama, jana nilikuwa nimeanza kuamini kichwa changu kimeharibika. Kumbe ni chako!"

"Ni changu, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hutoki mezani kwangu mpaka Bibi asimame."

Kandambili alipopata pumzi akanivuta pembeni. Aliniambia kosa la bandi ni lao, maana hawakunieleza vile vistari ni vya nini. Kosa la kunyamaza siku nzima ni langu, na hilo nisilirudie. Nilimwambia sitalirudia. Akanipa leso yake, akaenda kumwomba Sisimizi radhi mbele ya watu wote, bila kuzungusha maneno. Nimeishi miaka mingi, wakubwa wanaofanya hivyo nimewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sisimizi alikuwa na nakala ya zamani iliyotusaidia nusu ya njia. Iliyobaki tulianza upya, yeye na mimi, bega kwa bega. Na hapo sasa ndipo Mungu anapochekesha. Alipofika begani akakiweka kistari pembeni kabisa, kule mkono unapoanza kwa macho. Nikamwambia, hapana, baba, ukishona mkono wa gauni hapo, mvaaji akiinua mkono gauni zima linapanda naye. Rudi ndani vidole viwili. Akaguna. Akarudi ndani. Akavuta kistari.

Bibi Sindano akainua mkono, dada, na gauni likatulia kiunoni kama nguo ya mtu aliyeshonewa na fundi wake. Sisimizi akaurudia mara sita. Halafu akasema, pamba ikiwa bado mdomoni, "Miezi minne bega hili limenitesa, nikadhani kosa liko kwenye kompyuta."

Ijumaa wageni walikuja watatu, suti na mafaili. Bibi akatembea, akakata kitambaa, akageuka, kichwa kikabaki shingoni, utukufu kwa Bwana. Mwisho akainua mkono kuwaaga watoto. Nilikuwa siwatazami wale wakubwa machoni, naona aibu, nawatazama mabega. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauinua mkono wake naye akampungia Bibi, kisha akagundua, akaushusha haraka akajifanya anakuna sikio. Kandambili akanifinya.

Kazi wameipokea. Bibi Sindano amebaki kwa Sisimizi, na meza yangu imehamishiwa karibu na yake. Sasa studio nzima vile vistari wanaviita bandi, hata Kandambili. Juu ya kioo changu Sisimizi amebandika karatasi ameandika kwa herufi kubwa: MAMA, BANDI ZISITOLEWE. Chini yake mtu mwingine ameongeza: KWA AMRI YA DADA YAKE. Kwa hiyo unajulikana huku.

Nimebakiza swali la tatu. Cherehani ya mama sijaiuza, dada, na umenisikitisha kufikiria hivyo, ila nakusamehe kwa sababu ya goti. Iko studio, dirishani. Baba Sauti alizijaribu cherehani mpya tatu, akazikataa zote, akasema zinakimbia bila kuvuta pumzi. Ya mama ndiyo inayosikika kila Bibi anaposhona. Ule mruko wake kwenye jino la gurudumu lililovunjika hakuruhusu mtu auondoe. Katuni ikitoka, mwambie mwanao akufungulie, ukae karibu na ufumbe macho. Utamsikia mama akimaliza nguo zetu za shule.

Msalimie shemeji, na binti yako wa kwanza, na yule wa mwisho asiyependa kusalimiwa, msalimie mara mbili. Baba Sauti anakusalimu, anasema angependa kurekodi sauti ya ule utepe. Sisimizi na mapacha wanakusalimu. Paka hana salamu.

Mungu akutunze huko uliko, alilainishe goti lako. Na sisi wawili tulio mbalimbali hivi, alivyotushikiza kwa bandi zake nyembamba tusizoziona, naomba, hata tukionekana tumekwisha kushonwa, asizitoe.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako, yule aliyemeza kifungo.