Kozi Niliyemlisha

Jumatatu, 8 Desemba

Nimefua. Nimepiga deki. Nimemenya vitunguu mpaka macho yakawaka. Madam anasema keshokutwa twende jangwani na nusu ya jiko. Baba, mume wa madam, amepata kibali cha kuwinda hubara, wale ndege wakubwa wa jangwani. Mimi wa kupika.

Sitaki. Tarehe ishirini naenda nyumbani, tiketi ishakatwa. Kadzo wangu atajifungua mwisho wa mwezi, mimba ya kwanza, na miguu imemvimba. Kila nikiifikiria ile miguu, nahesabu siku upya.

Jumatano, 10 Desemba

Kambini. Kutoka Riyadh tumekaa garini asubuhi nzima. Baridi inakata masikio. Simu inashika juu ya kilima tu. Kadzo akinipigia je?

Yuko Idrisa, Msudani anayemtunza kozi wa baba, yule ndege wa kuwindia. Miaka kumi na moja kazi yake ni hiyo. Kozi amevikwa kofia ya ngozi, haoni kitu, ametulia kwenye kigingi kama bi harusi. Nilimwuliza Idrisa kwa nini hawapigi bunduki wakamaliza.

"Bunduki ya wavivu hiyo, mama Kadzo. Hubara naye apewe nafasi. Akimshinda kozi mbio, aende zake, halas."

Akasema na kibali kina idadi yake, baba hapitishi hata mmoja. Wengine hupitisha, baba hapana.

Alhamisi, 11 Desemba

Wametoka alfajiri kusoma nyayo mchangani, kabla upepo haujazifuta. Wamerudi na hubara mmoja. Nimemnyonyoa. Manyoya laini, hata nikaona haya.

Kozi aliyewinda kapewa kipande kama kidole gumba. Basi! Mchana kutwa analia. Analia kama mtoto mchanga ambaye mama yake kaenda kisimani. Idrisa anasema ndivyo. Kozi akishiba hawindi wala harudi ukimwita, kwa hiyo kila asubuhi anapimwa kwenye mizani, uzito usizidi. Nilimsikia, lakini kwa yale masikio ya mtu mwenye kazi nyingi.

Bibi yangu alikuwa akisema, kozi mandanda, kulala na njaa kupenda. Huyu hakupenda. Kafungwa mguu.

Ijumaa, 12 Desemba

Mungu wangu.

Asubuhi Idrisa alimpima kozi, akaenda kupakia gari. Mimi nilikuwa nakata njiwa wa mchana, kigingi kiko hatua mbili. Akaanza kulia. Nikasema kipande kimoja tu. Akakichukua mkononi mwangu na kofia yake machoni, polepole, bila kunidonoa. Nikampa kingine. Nilimpa vidari viwili vizima na maini. Akanyamaza. Nikafurahi! Nikaimba kabisa.

Baba alikuwa na haraka, akamchukua mwenyewe.

Wamerudi saa sita bila kozi. Hubara aliruka mbele yao, kozi akamtazama tu, akapanda juu, juu, akaenda. Idrisa alizungusha kamba yenye mabawa ya chambo, ya kumwitia, mpaka bega likamuuma. Hakurudi. Kile kifaa cha mgongoni mwake, cha kuonyesha alipo, kililia kwenye mashine kidogo, kisha kimya.

Rafiki ya baba akapiga kelele kambi nzima: "Msudani wako kamshibisha! Niliona koo limevimba!" Idrisa akaapa kwa mizani yake. Nani anasikiliza mizani?

Mimi nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina.

Jumamosi, 13 Desemba

Wametafuta tangu kulipokucha. Hakuna.

Madam kaniambia Idrisa anarudishwa kwao. Baba atamfungia ikama, kile kibali cha kukaa huku, kazi imekwisha. Idrisa anakunja blanketi lake nyuma ya gari. Hanitazami. Hajui.

Nilipanda kilimani kumpigia Dama, binamu yangu wa Ghulail, Jeddah. Yeye ana miaka mingi huku.

"We mwanamke, funga mdomo," akasema. "Kanga ikikulegea mbele za watu, ndiyo uivue yote? Siku saba uko kwenu. Huyo Msudani ni mwanaume, atapata kazi."

"Na asipopata?"

"Na wewe ukikosa ndege? Kadzo atajifungua na nani pembeni, mimi?"

Ana maneno Dama. Nilishuka nikiwa upande wake. Nimekaa chini kuchambua mchele. Naona Kadzo peke yake wodini. Naona na lile blanketi. Vyote pamoja, na kichwa ni kimoja.

Alasiri nikamwendea baba. Alikuwa peke yake, ameishika glavu ya kumbebea kozi. Nikasema ni mimi, baba. Nilimlisha mimi, baada ya mizani.

"Kwa nini?"

"Alikuwa analia."

Hakunipiga wala hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alisema tu, "Miaka minne nimemfundisha," akainuka, akaenda akasimama jangwani amenipa mgongo.

Idrisa alipojua hakunishukuru. "Ungeniuliza," akasema. "Neno moja tu, mama Kadzo. Ungeniuliza." Kisha akaanza kulikunjua blanketi lake.

Jumapili, 14 Desemba

Riyadh. Hakuna anayetaja tiketi. Madam anaongea na mimi kwa mkono: hiki, kile, yalla. Nimeunguza wali. Sijaunguza wali tangu nije.

Dama katuma sauti: "Mjinga wewe." Halafu nyingine: "Umekula lakini?"

Jumatano, 17 Desemba

Nimeitwa sebuleni. Madam ndiye aliyesema, baba alikuwa anatazama zulia. Sitakatwa mshahara. Sitafukuzwa. Lakini ruhusa ya kutoka nchini imeahirishwa mpaka baada ya Idi. Wageni wamekuja wengi, nyumba haina mtu mwingine wa kazi, na hivi sasa, akasema, baba hataki kusaini karatasi yangu.

Nikasema ndiyo, madam. Nikaenda kuosha sufuria safi.

Nina hasira. Nimesema ukweli na bado nimekosa. Kanisani walituambia ukweli humweka mtu huru, hawakusema na tiketi inakwenda. Sijamwambia Kadzo. Nashindwa hata kuishika simu.

Jumamosi, 20 Desemba

Ndege yangu imeondoka saa kumi jioni. Nilikuwa napanga viatu vya watoto. Kadzo kaandika, mama umefika wapi. Sijajibu.

Jumapili, 21 Desemba

Nimejibu. Nimesema madam anaumwa. Uongo. Sasa nimekuwa na mambo mawili tumboni.

Jumatatu, 29 Desemba

Amejifungua jana mchana. Msichana. Wazima wote wawili, na miguu imeanza kupungua. Mama mkwe wake alikaa naye mpaka mwisho, akamkanda mgongo. Mungu ambariki yule mama, nilikuwa namsema vibaya.

Nimemwona mtoto kwenye simu. Kalala. Ana paji la babu yake.

Nikamwambia Kadzo yote. Kozi, njiwa, uongo wa madam kuumwa. Akauliza moja tu.

"Huyo Idrisa ana watoto?"

"Watatu."

Akamhamisha mtoto bega la pili.

"Basi, mama."

Tukakaa hivyo, simu wazi. Yeye ananyonyesha, mimi napiga pasi kanzu za baba. Nimepiga saba.