Pete ya Mama Iliyoko Chicago

Galway, 3 Machi

Kaka Colman,

Natumaini baridi ya huko imepungua. Hapa mvua ni ile ile, na duka langu la sonara linakwenda, bila msaada wa mtu.

Mama atapasuliwa tumbo tarehe kumi na tisa. Nimekupigia simu mara tisa, hupokei. Kila asubuhi anapapasa kidole na kuulizia pete yake, ile aliyomwazima mkeo siku ya harusi yenu. Pete ya mama huenda kwa binti, na binti ni mimi peke yangu, lakini hilo tuliache.

Nilimtengenezea nyingine: mikono miwili imeshika moyo, juu taji. Nimeshatengeneza mia nne kama hiyo, nikadhani hatatambua kwamba si yake. Akaisugua kwa kidole gumba mara moja tu.

"Bairbre, we fundi, lakini huu moyo haujalika. Wa kwangu bibi yako aliusugua miaka hamsini. Unamdanganya mgonjwa?"

Hakuivua. Aliigeuza, ncha ya moyo ikaelekea kwenye kucha, kama avaavyo msichana ambaye hajaposwa.

"Mama, wewe ni mjane wa Baba. Igeuze."

"Ile aliyonivika baba yako ikirudi, nitaigeuza. Kwa daktari siingii kama mtu asiye na mwenyewe."

Barua hii itakufikia tarehe tisa. Kifurushi huchukua siku sita. Una siku tatu, Colman. Mama akitoka salama, nitamrudishia mkeo pete hiyo mimi mwenyewe, wala sitaidai tena.

Dada yako,
Bairbre