Kaisari Amuombe Radhi Mwanawe

Nsemulwa, Mpanda
4 Februari 2024

Mwanangu Anuari,
Asalaam aleykum. Huku tu wazima, kifua cha mama yako kimepungua. Wewe afya vipi? Simu hupokei, ndiyo maana barua nimempa kondakta wa basi.

Juzi nimeletewa ile sinema ya Roma uliyoitafsiri. Nikaiweka kwenye televisheni ya dukani, wateja wakajaa, nikawatambia kwamba sauti ile ni ya mwanangu. Wamecheka sana, eti askari wa Kirumi wanalalamikia barabara yetu ya Mwese! Halafu kaisari akamfukuza mwanawe akapigane na simba, na wewe ukampa maneno haya: "Toka. Kuanzia leo sikukuzaa mimi."

Wateja walipiga makofi. Mama yako aliinuka akaingia ndani. Maneno yale tunayajua watu watatu tu, Anuari. Kwa nini?

Baba yako, Hamis


Dar es Salaam
19 Februari

Shikamoo baba,
Mimi mzima, mama mpe pole ya kifua. Kazi hii siandiki, naangalia picha na kusema hapo hapo. Yule kaisari alivyonyoosha kidole mlangoni nilikuona wewe, siku ile nilipokataa kukaa dukani. Yakanitoka.

Lakini nisikudanganye. Niliyasikiliza tena, ningeweza kuyafuta, sikuyafuta. Nilitaka usikie. Sasa nimekuaibisha kwa watu na simu yako naiogopa. Nitaifanya upya, nimpe maneno mengine.

Mwanao, Anuari


Nsemulwa
2 Machi

Mwanangu,
Salamu zako zimefika, mama yako anakohoa kidogo tu.

Usiyafute, niliyasema. Nimeitazama tena peke yangu, nimefunga duka, na safari hii pia nimeizima pale anapomfukuza. Nina ombi moja: huko mbele mtafutie kaisari mahali amuombe radhi mwanawe.

Baba yako


Dar es Salaam
15 Machi

Shikamoo baba,
Naendelea vizuri, ila usingizi sipati. Nimetafuta siku tatu. Hakuna mahali. Baada ya pale kaisari hafungui mdomo tena, anachomwa kisu anakufa. Nimeshindwa, baba.

Mwanao


Nsemulwa
23 Machi

Anuari,
Leo salamu zimenishinda. Yule kafa. Mimi nipo hapa na mdomo wangu, na miaka sita nimeufunga kwa kiburi tu.

Nilikuzaa mimi. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako